Stendi ya Baiskeli za Mpunga

Chuo kikuu kilipofungwa kwa sababu ya mgomo, nilirudi nyumbani Mwea nikamkuta baba, fundi wa baiskeli, akitembea ameinama. Miaka yote alikuwa akipindua juu chini baiskeli nzito za wabeba mpunga ili azitengeneze, na sasa mgongo ulikuwa umekataa. Mama alitaka aache kazi.

"Kwani ni lazima uzipindue?" nikamuuliza.

"Baiskeli hutengenezwa hivyo. Ama huko chuo wanatengeneza aje?"

Nilichomelea stendi ya mabomba, ya kuning'iniza baiskeli usawa wa kifua. Mteja mmoja akaitazama, akacheka. "Msomi, na nani ataipandisha baiskeli huko juu?"

Kweli, kuinua kulikuwa kubaya kuliko kupindua. Lakini gurudumu linahitaji kuinuka kiasi gani ndipo lizunguke? Upana wa vidole viwili tu. Nikaikata stendi ikawa fupi. Baba akailaza baiskeli ubavu kidogo, akaisukuma stendi kwa mguu hadi chini ya fremu, karibu na pedeli, akaiachilia baiskeli. Gurudumu la nyuma likazunguka bila kugusa chini.

Akavuta kigoda, akaketi.

"Mwambie mama yako kesho nafungua mapema."