Siku Tuliyomshangilia Sadiki

Harufu ya pasi ya mkaa ikipita juu ya kitenge kibichi ndiyo harufu ya utoto wangu. Nyumba yetu ya Rwezamenyo ilikuwa na vyumba vitatu, na kile cha mbele mama alikuwa amekifanya chumba cha ushonaji. Mimi nilikaa sakafuni nikifumua mishono iliyokosewa, simu yake ikiwa mapajani mwangu, maana mimi ndiye niliyejua kuitumia. Nilikuwa na miaka kumi na miwili. Kaka yangu Sadiki alikuwa ameondoka zamani kwenda kuishi na mjomba Marekani. Hapa Kigali, kwenye uwanja wa Kimisagara, vijana wenzake hawakumtaka kwenye timu yao. Walimcheka kwamba kwa uzito ule atawachimbia mashimo. Kule, mwalimu mmoja alimwona tu kwenye korido ya shule, akamkabidhi kofia ngumu. Akacheza sekondari, akacheza chuo kikuu, na mwaka ule timu ya wachezaji wanaolipwa ikamwita mazoezini.

Mpira wenyewe, ule wa Kimarekani, hatukuuelewa hata kidogo. Mtaani tuliuita mpira wa yai. Kila nilipopata video, tulimtafuta Sadiki ndani ya rundo la watu, na hatukumwona akigusa mpira hata siku moja. Alitueleza kwamba kazi yake ni kuwazuia wapinzani wasimfikie mrushaji. Yeye ni ukuta. Mama akamuuliza, "Mwanangu, umevuka bahari yote hiyo ukawe ukuta?" Sadiki alicheka sana siku ile. Lakini mwezi ule wa mwisho hakuwa na kicheko. Alituambia timu imeita watu wengi kuliko inaowahitaji, na baada ya mechi ya mwisho ya majaribio wengi watarudishwa makwao. Akiachwa hapo, basi, miaka yote ile imekwenda bure. Mama akawa anashinda na saumu kila Jumatatu na Alhamisi kwa ajili yake, na alipokosea kukata kitambaa tulijua anawaza nini.

Asubuhi baada ya mechi hiyo niliipata video mtandaoni. Mpira ulimponyoka mtu, ukadunda, na yallah, Sadiki akauokota! Akakimbia nao ameukumbatia kama mtoto, wawili wakamgongea pembeni ya mstari wa mwisho, akaanguka. Kisha wachezaji wote, wa timu zote mbili, wakapiga magoti kumzunguka, wengine wameinamisha vichwa hadi nyasini. Hapo intaneti ikakatika, MB zimeisha. Sikuhitaji kuona zaidi. Kwenye viwanja vyetu anayefunga goli husujudu, na wenzake husujudu naye, kumshukuru Mungu. Nilipiga kelele, "Mama, kafunga goli!" Mama aliacha cherehani ikizunguka yenyewe. Majirani wakaja, mchele ukapimwa, pilau ikapikwa kwa sufuria la kuazima, na kila nyumba ya mtaa wetu ikapelekewa sahani. Jirani mmoja akanigawia intaneti yake. Ningeweza kuimalizia ile video. Haikunipitia akilini. Nilimwandikia kaka yangu: "Hongera. Tumekuona ulivyofunga. Mama analia kwa furaha. Sasa hawawezi kukuacha."

Siku ya pili mjomba alipiga simu akiwa njiani kwenda hospitali, mji mwingine mbali na kwake. Sadiki alikuwa amevunjika mfupa wa shingo. Wale watu walipiga magoti kwa sababu hakuwa anajitikisa; ndivyo wanavyofanya kule mwenzao akiumia vibaya, wanamwombea. Mama aliniangalia tu. Hakunipiga, hakunigombeza, na laiti angenipiga. Wiki nzima majirani waliendelea kuturudishia sahani, na kila mmoja alituuliza bingwa wetu anaendeleaje.

Miaka imepita. Mimi nina kazi ofisini karibu na Sonatubes, na kila mtoto mtaani kwetu ana simu ya kutazamia chochote mpaka mwisho. Sadiki yuko nyumbani, kwenye kile kile chumba cha mbele, kwa sababu ndicho pekee kinachopitisha kiti chake cha magurudumu. Miguu haikurudi, na mkono mmoja unasogea kidogo. Mama humshonea suruali zinazofunguka ubavuni ili iwe rahisi kumvika. Nilikaa na ile meseji moyoni mpaka mwaka huu, nikiamini haikumfikia. Nilipokuwa namlisha ndipo nikapata ujasiri wa kumuuliza.

"Niliisoma," akasema. "Muuguzi alinishikia simu. Mimi sikukumbuka chochote cha ile mechi, nikawaamini nyinyi. Daktari akinieleza habari ya shingo, mimi nawaza si kitu, shingo itapona, nafasi nimeipata. Siku mbili nzima nilikuwa mchezaji wao. Hata nilimuuliza mjomba alipofika, mbona kocha haji kunipongeza."

Nikamuuliza kama amenisamehe. Akaniomba nimgeuze, mgongo unamuuma.