Mapigo ya Fundi na Mkwewe

Fundi hakuwahi kumwonea mtu wivu wa gauni wala wa mume. Wivu wake ulikuwa wa kiti. Kiti chenyewe kibovu, mguu mmoja umefungwa kitambaa, lakini kilikaa mbele ya cherehani yake ghorofa ya tatu, na kwa miaka thelathini hakuna makalio mengine yaliyokizoea. Sasa ana miaka sitini na saba, presha imemwingia, na mwanawe kashatamka: "Mama, wakisema zahanati kwamba ngazi hazikufai, kazi ya juu ataishika mke wangu."

Mkwe! Binti wa miaka thelathini na minne, aliyefundishwa na Fundi huyohuyo kutia uzi kwenye sindano!

Mkwe naye akakutwa na presha. Wakapewa dawa moja, vidonge vyeupe vya kupunguza mbio za moyo. Kabla ya kuanza, muuguzi aliwapandisha ngazi za zahanati akawahesabia mapigo: Fundi mia thelathini na mbili, mkwe mia sabini na moja. Baada ya wiki mbili akawapandisha tena. Fundi mia ishirini. Mkwe mia ishirini na tano.

"Mama umeshuka kumi na mbili tu," mkwe alisema kwa upole. "Mimi arobaini na sita!"

Fundi akanuna njia nzima. Huyu kapewa dawa, mimi nimepewa chokaa!

Jumapili, mkwe akiwa uani anafua, Fundi akabadilisha vidonge vyake na vya mkwe kopo kwa kopo, akatoka jikoni anapangusa midomo ilhali hakula kitu.

Siku ya kupimwa ikafika. Mkwe mia ishirini na nne. Fundi mia ishirini, palepale.

"Haiwezekani!" akaropoka. "Nimemeza vyake!"

Mkwe akashika mdomo. Muuguzi akaweka kalamu chini.

"Mama, umeiba dawa?"

"Sikuiba. Nilibadilisha."

"Shukuru ni dawa ileile, kipimo kilekile. Siku nyingine utameza kitakachokulaza chini." Kisha akapoa. "Sikiliza. Mtu akipanda ngazi, mwili huupigia moyo kelele: kimbia! Moyo wa kijana husikia, ukatoka mbio. Dawa huuziba masikio, ndiyo maana mapigo ya mkweo yameshuka sana. Moyo wako umri ulishautia uziwi. Dawa imekuta nusu ya kazi imefanywa. Wewe ukipanda, moyo haukimbii sana; unajaa damu zaidi na kusukuma fungu kubwa kila pigo."

"Kwa hiyo dawa imempa huyu moyo wa bibi?"

"Kwenye ngazi, karibu hivyo."

Fundi akacheka, mara ya kwanza baada ya siku nyingi. "Na mimi, nipande nisipande?"

"Panda taratibu. Presha imeshuka, na hukuhema vibaya."

Kesho yake wakapanda pamoja kwenda kazini. Ghorofa ya pili mkwe akashika ukuta. "Mama, nisubiri, miguu imekuwa mizito."

Fundi angefurahi, lakini mteja mmoja aliyekuwa akishuka alisimama, akampokea mkwe mkoba, akampepea kwa gazeti. "Pole, dada, pole sana."

Miaka thelathini kwenye ngazi hizi, nani aliwahi kumpa Fundi pole? Roho ikamchoma upya.

"Pumzika, bibi mwenzangu," akasema, akikamata chuma cha ngazi. "Kiti ni kimoja, na mimi nakiwahi."