Nishikie Maneti

Ukitaka kunicheka, nicheke sasa hivi umalize, halafu unyamaze unisikilize. Haya sikusimuliwa na jirani. Yalinipata mimi mwenyewe, mchana, hapa hapa Bujumbura, nikiwa na akili zangu timamu na tumbo langu limeshiba. Wallahi, mpaka leo kitu chochote kikitetemeka mkononi mwangu, hata simu, mwili wote unanisisimka.

Mimi ni msichana wa Bwiza, mchana nauza vitenge katika duka la mjomba kule mtaa wa Asiatique, na napenda gemu. Sisemi zile za kwenye simu za kupangapanga peremende. Nasema gemu zenyewe: mpira, ngumi, magari. Kaka yangu ndiye aliyenifundisha, na alipohamia ng'ambo aliniachia mashine yake. Lakini kucheza peke yako kuna utamu gani? Ni sawa na kujitania mwenyewe halafu ukacheka mwenyewe.

Basi nikawa nakwenda kwenye chumba cha gemu cha mtaani. Ah! Wale vijana! Nikiingia tu: "Dada, umemufata nani hapa?" Siku ya kwanza nilimfunga mmoja wao mpaka akasema maneti yake ni mgonjwa. Maneti ndicho kile kidude cha kuchezea unachokishika kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo zamu yangu ikawa haifiki. Nikikaribia, foleni inarefuka. Mmoja akasema mikono ya wanawake inachosha maneti. Umewahi kusikia upuuzi kama huo? Mkono unaosonga ugali ndio uchoshe kidude cha plastiki!

Hata hivyo, kuna sheria moja niliyojifunza kwao, na uishike vizuri, maana bila hiyo hutaelewa yaliyonikuta. Kiti ni cha aliyeshika maneti. Ukiiweka chini, kiti si chako tena, unarudi mwisho wa foleni. Sasa adhana ya alasiri ikilia, vijana wa Bwiza wanataka kwenda kuswali na hawataki kupoteza kiti. Basi mtu anamgeukia aliye karibu anamwambia: "Nishikie." Aliyeshikishwa hachezi, hainuki, haweki chini, mpaka mwenyewe arudi. Nimemwona mtu kabanwa na haja mpaka machozi yanamtoka, lakini hakuachia. Kuachia maneti ya mwenzako ni aibu utakayoimbiwa mwaka mzima.

Nikachoka nao. Nilichotaka ni kimoja tu: msichana mwenzangu wa kucheza naye. Hata mmoja.

Sasa, kule Nyakabiga kuna saluni ya mama mmoja tunayemwita Mama Uvira, maana alitokea huko Kongo, akaja akapanga nyumba, akafungua saluni yake. Anasuka vizuri, mkono mwepesi, maneno machache. Siku moja nimekaa chini ananisuka, nikasikia kelele za uwanja wa mpira nyuma ya pazia la ndani, kelele za gemu, na juu yake mlio wa vidole kwenye vitufe. Mlio huo mimi siukosei hata usingizini.

"Mama," nikamwuliza, "kuna mutu anacheza gemu kule ndani?"

Mikono yake ikasimama kichwani mwangu.

"Unasikia?"

"Nasikia. Anacheza mpira, na anajua."

Alinimalizia nywele, na mstari wa mwisho ulikwenda upogo, yeye ambaye mistari yake huwa imenyooka. Alipomaliza akaniambia kwa sauti ndogo: "Ende, mwanangu. Ende umuone."

Ningeuliza nini hapo? Wewe ungeuliza? Nimetafuta mwenzangu miaka na miaka, leo naambiwa yuko nyuma ya pazia. Nilinyanyuka mbio hata kitenge hakijakaa sawa kiunoni.

Kilikuwa chumba kidogo: televisheni, viti viwili vya plastiki, na magunia ya nywele za kusukia. Kwenye kiti kimoja kakaa binti wa umri wa shule, sweta ya shule, soksi moja imepanda na nyingine imeshuka kwenye kifundo. Kichwa chake nusu kimesukwa, nusu kimesimama ovyo. Hakunigeukia. Alisema tu: "Chukua maneti ile, yaya. Umechelewa sana."

Yaya ndiyo dada mkubwa kwa watu wa kule. Nilifurahi mno. Nikakaa. Akanifunga vibaya sana.

Jina lake Riziki. Tangu siku hiyo, kila nikitoka dukani mapema nilipitia Nyakabiga. Tulicheza mpira, tulicheza ngumi, tulitukanana kwa mapenzi kama wanavyotukanana wachezaji. Nilimtania: "We mama yako msusi, na kichwa chako kinafanana na shamba ambalo mwenye kulima alikimbia!" Alicheka. "Mama atamaliza," alisema. Kila nikimtania alijibu hilo hilo, mama atamaliza.

Najua unachokisema moyoni. Unasema, huyu hakuona? Niliona! Niliona kwamba nikija namkuta na nikiondoka namwacha. Niliona kwamba sambusa nilizomletea alisema "weka pale," na kesho yake zilikuwa pale pale. Lakini mtu anayekushinda kwenye gemu humchunguzi miguu, unaangalia skrini. Na nikitoka, Mama Uvira alikuwa ananiuliza: "Anaendeleaje?" Namjibu: "Yuko vizuri, amenifunga tena." Anacheka, anajifuta macho, na mimi nadhani ni moshi wa dawa za nywele. Nilidhani wamenuniana. Kuna nyumba ambamo mama na binti hutumiana salamu kupitia mgeni, au hakuna?

Sasa sikiliza.

Siku hiyo mvua ilipiga mchana kweli kweli, ile mvua ya Bujumbura inayogeuza barabara kuwa mto. Saluni ilikuwa tupu. Nilimkuta Mama Uvira kakaa kwenye kigoda chake anachambua nyuzi, nikamwamkia, nikapita ndani. Tulicheza kidogo. Riziki hakuwa na furaha ya siku zote, alikuwa anatega sikio.

"Yaya, mama iko na kliyenti leo?"

"Apana. Iko peke yake."

Akasimamisha mchezo, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu akanigeukia mzima mzima. Alikuwa mtoto mzuri, nakuambia ukweli, ila midomo yake haikuwa na rangi.

"Nishikie basi," akasema. "Minaenda mama animalizie nywele. Usiweke chini, yaya. Hata iwe nini."

"Ende tu," nikamwambia. "Mi ni mutu wa Bwiza. Kushika najua."

Akanipa maneti yake, akasimama. Nikamsikia anapita nyuma ya kiti changu, sandali zake zinagusa sakafu taratibu, kama mtu aliyekaa muda mrefu na miguu imekufa ganzi.

Ile maneti ilikuwa baridi. Baridi ya nini sijui kukuambia. Maji ya mtungi yana nafuu. Nikaiangalia. Nikaufuata waya wake kwa macho, ule unaotakiwa uende mpaka kwenye mashine. Haukwenda popote. Ulikatika karibu na mkono wangu, na mahali ulipokatika palifungwa kwa uzi mweusi wa kusukia, fundo zuri la mtu anayejua kufunga. Siku zote hizo alikuwa ananifunga kwa maneti isiyoshikamana na kitu!

Nikajikaza. Nakuapia nilijikaza. Nikasema, labda ni zile za kisasa zisizohitaji waya. Akili ya mwanadamu ikiogopa hutafuta mahali pa kujificha. Hapo hapo umeme ukakatika. Televisheni ikazima, mashine ikanyamaza, chumba kikawa giza, mvua tu juu ya bati.

Na maneti ikaanza kutetemeka mikononi mwangu.

Wachezaji mnajua, maneti hutetemeka ukipigwa ngumi kwenye gemu. Lakini hapakuwa na gemu. Hapakuwa na umeme. Hapakuwa na waya! Ilitetemeka kwa pigo, ikatulia, ikapiga tena, ikatulia, na nilipoelewa kwamba yale ni mapigo ya moyo, mikono yangu ilifunguka yenyewe. Sikuamua. Maneti ilianguka kwenye saruji, ikalia kaa!

Mama Uvira akapiga ukelele huko nje. Sijawahi kusikia ukelele wa namna ile, na Mungu asinisikilizishe tena.

Nilitoka na pazia zima kichwani. Mlango wa mbele ulikuwa wazi, mwanga wa mvua unaingia, na nikamwona yule mama kapiga magoti mbele ya kigoda chake, kitana mkononi, uzi umening'inia mdomoni. Peke yake. Chumba kizima hakuna mtu mwingine.

"Kwa nini umeachia?" akaniambia. "Kwa nini umeachia, mwanangu?"

"Riziki iko wapi?"

"Alikuwa amefika pa pazia. Niliona miguu yake. Niliona soksi yake, ile moja yenye kushuka." Akaonyesha sakafu kwa kitana. "Hapa. Alikuwa hapa. Ungemushikia kidogo tu."

Nilikaa pale pale sakafuni, na yule mama akanieleza huku analia. Riziki ni bintiye, mtoto wake wa pekee, na alikuwa na pumu. Siku ya mwisho alikuwa anamsuka, wamefika nusu, umeme ukarudi baada ya kukatika tangu asubuhi. Mtoto akasema, mama, niache nimalize mechi yangu kwanza, umeme usije ukaondoka tena, halafu utamalizia. Mama akamruhusu. Kukaja kliyenti, mteja wa nywele, kelele za mashine ya kukaushia, nani angesikia kifua cha mtoto? Alipokwenda kumwita alimkuta kwenye kiti, maneti mkononi, vidole vimekaza. Ilibidi wakate waya ndipo wamwinue. Walipomlaza hatimaye vidole vikalegea, na mama akaufunga ule waya kwa uzi wake akairudisha maneti kwenye kiti. Akamzika na nusu ya nywele. Hakuna aliyekuwa na nguvu ya kumalizia.

Kabla ya siku hiyo yeye hakuwahi kumwona. Akiingia mle anaona kiti tu. Mimi ndiye mtu wa kwanza kusikia.

Unajua nilifanya nini? Nilikasirika! Nilimwambia wazi wazi: "Ulijua! Miezi yote hii ulijua, ukanikalisha na maiti!" Akaniangalia, akasema: "Ningekuambia, ungerudi?" Nikatoka mbio kwenye mvua, sandali moja nimeiacha kwake.

Niliumwa. Shangazi ninayeishi kwake alinisomea, akanifukizia ubani, akaapa sitashika gemu tena katika nyumba yake. Nilipopona nilirudi Nyakabiga mara moja, nikakaa kwenye kile kiti na maneti ile ile mpaka jua likazama, na Mama Uvira kwenye kigoda chake anangoja. Haikuwa baridi tena. Ilikuwa plastiki tu. Mlio wa vitufe nao umekwisha.

Sheria ni sheria, au siyo? Maneti ikiwekwa chini, kiti kimepotea. Na aliyepoteza kiti anarudi kwenye foleni.

Nimejua foleni ipi. Juzi shangazi amelala usingizi wa mchana, nimewasha mashine ya kaka chumbani kwangu, maneti imechomekwa moja, yangu. Nimechagua kucheza peke yangu. Mchezo ukaanza, na upande wa pili kuna mtu. Hanishambulii. Haugusi mpira. Amemtoa mchezaji wake mmoja hadi ukingoni mwa uwanja, amesimama pale amenipa mgongo, kama anayengoja zamu. Nikizima na kuwasha, yuko pale pale. Nilijaribu kumtania kuhusu shamba lake. Nililia.

Basi wewe unayenisikiliza, shika langu hili. Mtu akikuambia nishikie, iwe mtoto, iwe mzigo, iwe zamu, jitazame kwanza kama mkono wako unaweza. Kama hauwezi, sema hauwezi, si aibu. Ukishapokea, umepokea na giza litakaloingia na baridi na kila kitu, mpaka mwenyewe arudi.

Mimi nimeshapokea. Nimezungumza na Mama Uvira. Jumamosi shangazi anakwenda harusini, na yule mama atakuja kwangu na kigoda chake, kitana, na uzi mweusi. Ataleta na ile maneti. Atakaa sebuleni, nimekwisha kutundika pazia. Kilichobaki ni mikono yangu hii miwili. Niombeeni isifunguke.