Mguu Wangu Kwenye Breki

Juzi nilirudi kwa makanika wangu pale Gitothua nikiwa nimewaka. Pedi za breki alikuwa ameniwekea mpya, lakini kwenye geti la mtaa wa Membley nilikanyaga, breki ikazama, nikaponea chupuchupu kumgonga soja anayelilinda. Nilimfokea mbele ya watu. Wateja wawili waliwasha magari yao wakaenda.

Makanika aliingia kwenye gari. Alikanyaga breki mara mbili akasema, "Iko na hewa." Kisha akauliza polepole, "Mzee, siku ile ya pedi, nikitoa hewa ya breki huko chini ya gari, nikikwambia shikilia pedali, ulikuwa unashikilia mpaka nifunge nati?"

Nilikumbuka simu niliyokuwa nikiongea, na mguu niliouinua kabla hajafunga nati, hewa ikaingia tena.

Nilimwomba msamaha. Matusi yangu yalisikiwa na wengi. Msamaha aliusikia peke yake.