Kikaratasi cha Dhati ya Tano

Shangazi yangu Thirza Beddoes, mjane wa mshona matandiko ya farasi hapa Ludlow, aliisomea vitabu Kamusi Kubwa ya Kiingereza miaka ishirini na miwili bila kulipwa hata senti. Kila alipokuta neno la kale kitabuni, aliinakili sentensi yake kwenye kikaratasi, akaandika mwaka, akaituma kwa wahariri. Humo kila neno hufunguliwa na sentensi kongwe kuliko zote zilizopatikana, na wasomaji waliigombea nafasi hiyo.

"Leo maneno mangapi, mama?" tarishi alizoea kumtania.

"Kumi na moja. Na wewe una miguu miwili, itumie."

Kamusi ilichapwa kwa kufuata alfabeti, tena polepole mno. Macho yalishamfifia shangazi, lakini aliapa hafi kabla hajasikia sentensi inayolifungua neno "quintessence". Wayunani wa kale walihesabu udongo, maji, hewa na moto, kisha wakaongeza kitu cha tano, ambacho nyota zimefinyangwa nacho. Walatini wakakiita quinta essentia, yaani dhati ya tano. Sisi Waingereza tukayameza maneno yote mawili kama neno moja, na leo tunalitumia kusifia hata marashi. Hilo lilimuudhi.

Kitabu cha herufi Q kilipofika, mitufaa ilikuwa imechanua. Tuliketi dirishani, jua limelala mapajani mwake, nikatafuta ukurasa. Sentensi ya kwanza haikuwa yake.

Juzi yake, nikifuta vumbi, nilikuta kikaratasi ndani ya Biblia yake: neno lilo hilo, sentensi kongwe kuliko hii iliyochapwa kwa miaka thelathini. Nilidhani alikifanya alama ya ukurasa akasahau kukituma, kosa la wasomaji wote. Nilimhurumia. Basi nikamsomea ile ya kikaratasi, kana kwamba imechapwa.

Alinigeuzia uso.

"Muongo wewe. Hiyo nilimsomea mume wangu asubuhi ya siku aliyofariki. Akaniuliza kama nyota nazo zina vumbi."

Nilitamani sakafu inimeze. "Kumbe hukusahau. Mbona hukuituma, shangazi?"

"Nisomee ya kweli, na mwaka wake."

Nikasoma. Alihesabu miaka kwa vidole, taratibu, midomo ikichezacheza. Kisha uso wake ukalainika.

"Kwa hiyo hakuna mwingine aliyeipata," alisema. "Bado ni yetu sisi wawili, mimi na yeye." Akanipapasa mkono. "Irudishe kwenye Biblia, mwanangu."