Ndege Yenye Pembe

Mjomba wangu, kinyozi wa sokoni Malava, ndiye aliyeniambia kwamba ndege za vita za kale zilipigana kwa pembe kama mafahali. Ndiyo maana, alisema huku wembe wake ukinikwaruza nyuma ya sikio, mabawa yalipangwa moja juu ya jingine: la chini la kupaa, la juu la kupigia kichwa. Nilimwamini kuliko padri. Huku kwetu Kakamega fahali huchongwa pembe, hupigiwa ngoma za isukuti, kisha husukumwa akutane na mwenzake. Kwa nini Wazungu wafanye tofauti?

Mwaka huo fahali wetu alikuwa ametuaibisha. Aliona pembe za fahali wa akina Lumadede, akageuka, akatimua mbio nusura aingie Uganda. Baba alimchinja jioni ileile, na hakuonja nyama yake. Tangu hapo hakuketi tena na wanaume wenzake, na Lumadede, rika langu, kila akiniona alilia kama ndama. Nikaapa kuirudisha heshima yetu kwa ndege. Picha ya ndege ya vita ilikuwa kwenye kalenda kuukuu ya mjomba. Niliipima kwa njiti ya kiberiti: kila njiti pichani ikawa shubiri yangu moja kwenye ndege. Mifupa ilikuwa matete, ngozi mfuko wa saruji, na gundi ilikuwa obusuma, ugali wetu, uliolainishwa kwa maji moto. Panya wa kijiji kizima walikuja kuionja gundi hiyo. Nikaipaka rangi nyekundu ya mabati, iliyonuka hadi mbuzi wakapiga chafya. Mwisho nikaifunga pembe: misumari miwili ya inchi nne, niliyoinoa jiweni hadi ingeweza kumnyoa nzi.

Lumadede naye akajenga yake, ya kijani, yenye pembe za misumari kama yangu. Tukazifunga kwenye ncha za mianzi, watoto wakapiga madebe.

“Kwenu mnakimbianga tu!” akanipigia kelele. “Leo utakimbilia wapi?”

“Matangani kwako, nikale kuku!”

Tukavamiana. Mabawa yalipasuka kwa mlio wa mifupa, na msumari wake ukapenya shavuni mwangu, ukagonga jino. Sikurudi nyuma. Nilisukuma, pembe yangu ikamchana mkono kutoka kiwiko hadi kiganja, kisha tukaitupa mianzi tukashikana kwa meno. Damu iliyomwagika ingetosha kupaka rangi ndege kumi. Mama alitutenganisha kwa mwiko, akatutandika sote bila ubaguzi. Lakini Baba alinibeba mabegani, shavu likivuja juu ya kichwa chake, akazunguka nami boma zima. “Hakukimbia!” aliimba. “Huyu hakukimbia!”

Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio. Mimi nilichagua kilio, na kwa miaka mingi nimelivaa kovu lile kama nishani. Siku hizi wanangu hulipua ndege elfu kwenye simu kabla ya chai, na hakuna anayehitaji kushonwa. Shule nimeimaliza juzijuzi, kichwa kikiwa na mvi, katika madarasa ya jioni hapa mjini. Siku moja nikawasimulia wenzangu darasani vita vya pembe angani. Walicheka hadi dawati likavunjika. Mwalimu wa historia, binti ambaye ningeweza kumzaa, hakucheka. Alingoja watulie.

“Hazikuwa na pembe, Mzee,” alisema. “Zilikuwa na bunduki. Na rubani akiona amezidiwa, alikimbia, akarudi nyumbani.”