Behewa la Nane la Lakot

Saa moja na nusu asubuhi, kibarazani kwa Lakot pale Kasubi, gurudumu dogo la alumini linaviringishwa juu ya kipande cha kioo. Lakot ameinama, sikio karibu na kioo, anasikiliza. Likiyumba, analitupa kwenye kopo. Likienda sawa, analipima kwa rula ya chuma: milimita thelathini na tisa.

Analivalisha kwenye msumari, analikaza chini ya behewa la bati, kisha anarudi nyuma hatua mbili alitazame.

"Limekaa," anasema. Lakini uso wake haujakaa.

Lakot, mwenye umri wa miaka 47, hutengeneza mabehewa ya mizigo kwa bati la makopo ya mafuta ya kupikia. Vipimo vyote huvigawa kwa ishirini: behewa la mita saba kwake ni sentimita thelathini na tano. Huyauza katika soko la Owino, moja shilingi 35,000. Wiki njema yanatoka matatu. Wiki mbaya halitoki hata moja, na kodi ya chumba ni 150,000 kila mwezi, mvua inyeshe isinyeshe.

Hayo ndiyo mabehewa ya kula. Ila iko treni moja isiyouzwa, ya mabehewa manane, inayolala juu ya kabati imefunikwa kitenge kama mtoto.

Babake, Ogwang, alikuwa mkaguzi wa mabehewa stesheni ya Gulu. Alipita na nyundo akigonga gurudumu moja moja. Lililo zima huimba, lenye ufa hukohoa. Agosti 1986, vita vya kaskazini vikianza, alipanda treni ya mizigo kwenda Pakwach. Hakurudi. Kaburi halipo, habari haipo, na mtu wa kusema "mimi nilimwona huko" hajapatikana mpaka leo.

Kilichobaki ni daftari alilolisahau mezani siku hiyo. Ukurasa wa mwisho una namba za mabehewa manane ya treni ile, na mbele ya namba, kipimo cha magurudumu yake.

Sasa wasomaji, kitendawili: huzaliwa mkubwa, kila akisafiri anazidi kuwa mdogo. Mtasema sabuni. Sabuni haisafiri. Tupeni mji. Mmetupa Gulu? Haya, tumekwenda Gulu, tumekula, tumelala, na jibu ni gurudumu la treni. Reli hulila, na kila likilika fundi hulikereza tena lirudi kuwa duara, nalo hupungua. Ndiyo maana katika treni moja Ogwang aliandika behewa hili sentimita 76, lile 80.

"Mwingine angeweka saizi moja kote, akalala usingizi," anasema Lakot. "Mimi nikiweka saizi moja, hiyo si treni ya baba. Ni treni tu."

Lakini mbele ya namba ya nane, daftari ni tupu. Lakot alidhani babake alipitiwa. Akachukua saizi ya katikati, milimita thelathini na tisa, ili kulabu za kuunganishia zikutane bila taabu.

Anampigia simu mama yake, Acen, mwenye miaka 81, aliyeko Gulu na ambaye macho yamemfifia. Simu iko kwenye sauti kubwa. Wanaongea Kiacholi, na Lakot anamfasiria mwandishi wa habari hii.

"Mama, treni imekwisha. Jumamosi ninakuja nayo."

"Lile la mwisho umelipa magurudumu gani?"

"Kama ya wenzake. Daftari halikusema."

"Lingesema nini? Behewa lenyewe halikuwa na magurudumu. Baba yako aligonga, moja likakohoa. Behewa likanyanyuliwa kwa jeki tangu asubuhi, magurudumu yakang'olewa yote. Ndiyo maana alikuja kula saa tisa, chakula kimepoa, akatoka anatafuna, daftari akaliacha hapa."

Lakot analitazama behewa la nane. Kisha anasema, "Miaka thelathini na tatu, Mama, hukuniambia."

"Wewe huniuliza alisema nini. Hujawahi kuniuliza alichelewa kwa nini."

Acen alilichukua daftari akamfuata stesheni, akachelewa. Treni ilikuwa imeanza kutembea. "Lile behewa walilivalisha mapya," anasema. "Lilisimama juu ya wenzake kama bwana harusi. Yeye alikuwa kwenye ngazi ya hilohilo, ameinamisha sikio asikie kama linaimba. Akaniona na daftari mkononi, akacheka. Akanipungia."

Simu inakatika. Lakot anachukua koleo na kuyang'oa magurudumu yote manne. Kurasa za mwanzo za daftari zinasema gurudumu jipya lilikuwa sentimita 84. Kwake, basi, milimita arobaini na mbili.

Saa nne yuko Katwe kwa Dady, Mkongomani anayemkerezea vipande vya sufuria kuukuu.

"Weye unanisumbuaka, dada," Dady anamwambia. "Jana umesema thelathini na tisa. Milimita tatu, nani ataiona?"

"Haoni mtu. Mama atashika."

Dady anataka kutania, anamtazama usoni, anawasha mashine.

Mchana, behewa la nane limesimama. Limewazidi wenzake kimo na kulabu hazikutani, kwa hiyo Lakot anaikunja yake ishuke kidogo, taratibu, bati lisipasuke. Kisha anaipanga treni yote ndani ya maboksi, akijaza magazeti katikati.

Mpango wake ni kuitandaza sakafuni kwa mama yake, kutoka mlangoni hadi kitandani, na kumwacha aipapase mwenyewe tangu behewa la kwanza. Hatamwambia amefika la ngapi.

"Mume siwezi kumrudishia," anasema akifunga boksi kwa kamba. "Lakini mkono wake utatembea juu ya mabati, utatembea, halafu mahali pamoja utapanda kidogo. Hapo ndipo alipokuwa amesimama."